Mbona Januari tunaungua na Julai tunatafuta shuka?

Asalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma, sogeeni karibu manake nina chungwa na tochi na nataka muone wenyewe.

Nikiuliza mbona mwezi wa kwanza hapa Mombasa hatulali kwa joto na mwezi wa saba mtu anatafuta shuka, wengi mtaniambia jua lilikuja karibu halafu likaenda mbali. Na hesabu inaonekana kukubali, kwa sababu mwanzo wa Januari tuko kama kilomita milioni 147 kutoka kwa jua na mwanzo wa Julai ni milioni 152. Lakini huo ndio mtego wetu sisi watu wa pwani! Mpigie ndugu yako aliye London, Januari hiyo hiyo amevaa makoti mawili na Julai yuko na fulana. Dunia ni moja, ingekuwa ni umbali si tungeungua sote pamoja?

Angalieni chungwa, ndiyo dunia yetu. Nimelitoboa kwa mshikaki juu mpaka chini, umelala kidogo, digrii 23 na nusu hivi, na nikizunguka nalo hii taa, ambayo ndiyo jua letu, mshikaki siubadilishi, unaelekea kule kule tu kwa nyota ya kaskazini. Hapa ncha ya juu inainamia taa, nikifika ng'ambo inaipa kisogo. Sasa tochi: nikimulika wima duara ni dogo na kali, nikiilaza mwanga unatambaa, unakuwa hafifu, na betri ni zile zile. London mwezi wa kumi na mbili jua la adhuhuri liko chini hivyo, mwanga wake umetandazwa karibu mara nne, na mchana wenyewe hautimizi masaa manane.

Sisi tuko digrii 4 kusini ya ikweta, jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 10 Machi na mwanzo wa Oktoba. Machi hiyo simama nje saa sita na nusu, kivuli kimeingia chini ya viatu. Mwezi wa sita kitaangukia upande wa Likoni, kwa sababu jua limehamia kaskazini, na likihamia huko bara la Asia linapata moto, linavuta hewa, ndio upepo wa kusi hiyo inavuma kutoka bahari ya kusini kule ambako wenyewe wako kwenye baridi, inakuja na mawingu na mvua zake mpaka dirishani kwako. Likirudi kusini upepo unageuka, unakuwa kaskazi, ule uliokuwa ukituletea majahazi ya Arabuni.