Kijani Mwaka Mzima, Kazi Nusu Mwaka

BARAKA: Dada Zuhura, leo naanza na ubishi. Msonobari haupukutishi majani wakati wa baridi. Basi si unajitengenezea chakula mwaka mzima?

ZUHURA: Wengi hudhani hivyo. Kule Finland, Kanada au Siberia, msitu wa misonobari ni kijani Januari kama ulivyo Julai, lakini katikati ya baridi usanisinuru, yaani kutengeneza chakula kwa mwanga, umesimama, au umebaki kidogo mno. Ndiyo maana ukipima kwa ukijani tu, hata kwa setilaiti, unadanganyika.

BARAKA: Jua ni hafifu, nadhani.

ZUHURA: Desemba, sawa. Lakini Machi jua linawaka vizuri, na theluji inaliakisi. Tatizo ni baridi. Klorofili, rangi ya kijani ya jani, hunasa mwanga hata kwenye barafu, ila vimeng'enya vya kugeuza hewa ya ukaa kuwa sukari vimezubaa. Udongo umeganda, maji hayapandi, vinyweleo vya jani, vitundu vya kupitishia hewa, vimefungwa. Nishati imeingia, haina pa kwenda.

BARAKA: Si itaunguza jani?

ZUHURA: Ingeunguza. Kwa hiyo jani hulimbikiza zeaxanthini, rangi ya jamii ya karotenoidi, inayosaidia kuitoa nishati ya ziada kama joto. Kiangazi kinga hiyo huwaka na kuzimika ndani ya dakika. Baridini inabaki imewaka usiku na mchana, miezi mizima.

BARAKA: Kama bwawa lililoachiwa mlango wa maji ya ziada.

ZUHURA: Hasa. Na kuufunga si jambo la siku moja. Machipuko yakianza, jani hurudi kazini polepole, halafu usiku mmoja wa baridi kali unalirudisha nyuma.

BARAKA: Na kupumua je?

ZUHURA: Hakukomi. Majani, shina, mizizi, vyote vinapumua, yaani vinachoma sukari na kutoa hewa ya ukaa, baridini kidogo sana. Joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi, upumuaji huongezeka takriban maradufu. Hiyo ni kwa muda mfupi. Joto likidumu, mti huzoea na kupunguza. Mwanzoni mwa kiangazi, machipukizi yakirefuka na shina likinenepa, matumizi hupanda tena, maana ujenzi unakula sukari.

BARAKA: Kwa hiyo dunia ikipata joto, misonobari inafaidi?

ZUHURA: Inategemea mwezi, kaka. Joto likiwahi Aprili, mchana ni mrefu, mwanga tele. Maji yakiwepo, mti unafaidi. Ila wanaoshangilia "msimu mrefu wa ukuaji" huisahau Oktoba. Joto haliongezi urefu wa mchana! Usanisinuru unapata nyongeza ndogo, huku mti na viumbe wa udongoni wakipumua kwa kasi. Kaboni iliyowekwa akiba kiangazi inaanza kuvuja.

BARAKA: Hilo linapimika hewani?

ZUHURA: Mizani ya mwaka inaonekana wazi. Kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, wanapima hewa ya ukaa tangu 1958. Hufika kilele Mei, hushuka mpaka Septemba au Oktoba, kwa takriban sehemu 6 katika milioni. Si misonobari peke yake, ni mimea na udongo wa nusu nzima ya kaskazini ya dunia.

BARAKA: Mbona kilele ni Mei, si Januari?

ZUHURA: Kwa sababu tangu vuli upumuaji unazidi usanisinuru, hata kama wenyewe ni mdogo. Hewa ya ukaa inaendelea kujilimbikiza hadi majani yaanze kunyonya zaidi kuliko kinachotolewa, na hilo hutokea Mei hivi.