Chumba Kinachovuja: Mipaka ya Vyumba na Hesabu ya Eneo katika Modeli ya Jengo

Asalaam alaykum, ndugu zangu. Ahsanteni kwa kuja mapema. Jambo la leo linataka kichwa kilichopumzika.

Naanza na chumba kimoja cha nyumba ya zamani hapa Mji Mkongwe. Nyumba hizi mnazijua. Chumba ni kirefu na chembamba, kwa sababu dari imelala juu ya boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene nusu mita. Tulikipima kwa futikamba: upana mita 2.7, urefu mita 9. Zidisheni, mtapata mita za mraba 24.3. Jedwali la Revit, programu ninayojengea modeli ya jengo, nililompelekea mkadiriaji majenzi lilisema 30.4.

Aliyeligundua ni fundi wa sakafu. Alisimama katikati ya chumba na karatasi mkononi, akaniuliza kwa upole, "Bwana, hizi mita thelathini ziko chumba gani?"

Programu haikukosea. Nilikuwa nimeiacha ipime mpaka katikati ya ukuta. Upana 2.7 ukaongezwa nusu mita ukawa 3.2, urefu ukawa 9.5, na 3.2 mara 9.5 ni 30.4 kamili. Mita sita za mraba zilikuwa ndani ya mawe, na mimi nilikuwa nimezikadiria vigae. Tangu siku ile nawaambia vijana wote ninaofanya nao kazi: namba iliyo kwenye jedwali ni jibu la swali ambalo wewe umeliuliza, hata kama hukujua kwamba unauliza.

Revit inakupa chaguo nne za mahali pa kuishia: uso wa ukuta uliomaliziwa, katikati ya ukuta, uso wa kiini cha ukuta kabla ya plasta, au katikati ya kiini. Unachagua mara moja, na mradi mzima unafuata. Katika nyumba ya matofali ya inchi sita unaweza usilione kosa. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kuta za sentimita 18 pamoja na plasta kitatoka 16 mpaka karibu 17.5, na mtu atasema ni tofauti ya kawaida. Kwenye nyumba ya mawe tofauti ni robo nzima ya chumba. Kwa hiyo mwenye kukarabati majengo ya pwani hana ruhusa ya kuupuuza mpangilio huu.

Sasa tuje kwenye kuvuja. Unaweka chumba, programu inakwambia hakiko ndani ya eneo lililofungwa, na kwenye jedwali, mahali pa namba, pamekaa maneno. Wewe unautazama mchoro na unaona kuta nne zimekutana vizuri. Tatizo ni kwamba programu haitazami mchoro unaoutazama wewe. Inalikata jengo kwa msumeno uliolala, kwa kimo kimoja tu juu ya leveli, yaani usawa wa ghorofa, kisha inazunguka kwenye mkato huo ikitafuta njia ya kurudi ilipoanzia. Kimo hicho cha kukokotolea kimo kwenye sifa za leveli yenyewe, na ni wachache wanaokwenda kukisoma.

Chukueni kuta zilizoanza sentimita 15 juu ya leveli, kwa kuwa aliyezichora alizikalisha juu ya msingi. Kimo cha kukokotolea kikiwa sifuri, msumeno unapita chini ya kuta zote. Hakuna ukuta hata mmoja unaoonekana, na chumba kinamwagika hadi uwanjani. Utahangaika kuunganisha pembe siku nzima, na pembe hazina kosa lolote.

Kinyume chake ni baraza. Daka, yaani sehemu ya kuingilia nyumba, la upana wa mita 3 na kina cha mita 2 lina baraza la mawe kila upande, upana nusu mita, kimo sentimita 45. Ukiyachora mabaraza kama kuta fupi na kukata sifuri, programu inayahesabu kuwa mipaka, na daka linabaki mita za mraba 4. Ukikata kwa kimo cha mita 1.2, msumeno unapita juu ya mabaraza, na daka linarudi 6. Ipi ni sahihi? Fundi wa vigae anataka 4. Mwenye nyumba anataka 6, maana kwake baraza ndilo daka: ndipo wageni wanapoketi. Mimi nakata juu ya baraza, halafu sakafu ya vigae naipima kwa sakafu yenyewe niliyoichora, si kwa chumba. Vifaa vya ujenzi vihesabiwe kwenye kitu kitakachojengwa. Chumba ni nafasi, wala hakuna fundi anayejenga nafasi.

Ukarabati una mtego wake mwingine, nao ni awamu, yaani hatua za jengo: lilivyokuwa na litakavyokuwa. Chumba huishi katika awamu moja tu. Ukuta uliouwekea alama ya kubomolewa haupo tena katika awamu mpya, kwa hiyo vyumba viwili vilivyokuwa pande zake vinakuwa nafasi moja. Kama umeviweka vyote viwili katika awamu hiyo, programu italalamika kwamba kimoja kimerudiwa. Usikimbilie kuchora mstari wa kutenganisha vyumba ili kuinyamazisha. Jiulize kwanza kama ukuta ule ulitakiwa kubomolewa.

Mistari hiyo ya kutenganisha naiogopa kidogo. Ina kazi yake halali, kama kugawa sebule na sehemu ya kulia chakula pasipo na ukuta. Lakini nimeona modeli ambamo kila ukuta umelaliwa na mstari, kwa sababu mtu aliona chumba kinavuja akakizungushia kamba. Mstari na ukuta vikilaliana, kimoja kinaweza kupuuzwa wakati wa kutafuta mpaka, na ukuta ukisogezwa kesho, mstari unabaki pale pale na eneo la zamani.

Kama kuta au nguzo zimo katika modeli ya mhandisi mliyoiunganisha na yenu, fungueni sifa za aina ya kiungo hicho mkatie tiki kwamba ni mpaka wa vyumba. Bila tiki hiyo mnaziona kuta, programu haizioni. Na nguzo iliyosimama peke yake ukumbini nayo ina tiki yake: nguzo 12 za sentimita 40 kwa 40 zinakula karibu mita 2 za mraba. Wanaotumia ArchiCAD wakumbuke kuamuru kanda, ndivyo vyumba katika programu hiyo, zisasishwe baada ya kusogeza kuta, la sivyo jedwali linasema ya jana.

Kuutafuta mwanya, mimi nafanya hivi. Nawasha rangi ya ndani ya vyumba ili nione kilichofungwa na kisichofungwa. Kisha nachora mstari mmoja wa muda kukigawa chumba katikati, naweka chumba kila upande. Upande uliofungwa nauacha. Uliobaki naugawa tena. Hatua nne au tano hivi, mwanya uko mbele yangu, na mistari yote ya muda naifuta.

La mwisho ni mteja na simu yake. Vyumba vitatu vya 10.34 vikionyeshwa kwa desimali moja vinasomeka 10.3 kila kimoja. Yeye anajumlisha anapata 30.9, jedwali linasema 31.0, na imani inaanza kupungua. Onyesheni desimali mbili. Na chini ya jedwali andikeni sentensi moja: eneo limepimwa hadi uso upi wa ukuta, na kwa kimo gani.

Sasa fungueni modeli mliyopewa, ghorofa ya kwanza. Kuna nyumba ya mawe yenye vyumba vitano, na viwili vinavuja, kila kimoja kwa sababu yake. Msichore mstari wowote wa kudumu. Nitapita meza kwa meza.