Kiraka Kipo, Lakini Kimefika Wapi?

Asante, mwenyekiti. Nitaanza pale pale ninapoanzia kila nikipewa kipaza sauti: kiraka, yaani marekebisho ya dosari kwenye programu, kuandikwa ni jambo moja, kumfikia mtu ni jambo jingine.

Chukueni dosari ya Binder, sehemu inayopitisha ujumbe kati ya programu na programu ndani ya kerneli ya Android, yaani kiini cha mfumo wa simu, kilichojengwa juu ya Linux. Novemba 2017, syzkaller, chombo cha Google kinachoirushia kerneli maombi ya ovyo usiku na mchana mpaka ianguke, kiliikamata. Binder ilikuwa ikiachilia kumbukumbu ya uzi (mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) uliomaliza kazi, na ndani yake mlikuwa na foleni ya kusubiri ambayo epoll, sehemu ya kerneli inayongoja matukio, bado imeishikilia. Ni kama mpangaji amehama mtaa wa Umoja na ufunguo mfukoni, landilodi ameshaleta mwingine, yule wa kwanza anarudi, anafungua na kuingia. Mshambuliaji akijua kuchagua kitakachowekwa mahali pale, kerneli yote ni yake.

Februari 2018 ikarekebishwa. Mistari michache tu: kabla ya kuachilia kumbukumbu, mwambie anayeshikilia foleni aiachie. Ikaingia kerneli ya Linux toleo la 4.14. Halafu? Septemba 2019, Project Zero, kikosi cha Google cha kutafuta dosari, ikapata habari kwamba dosari ile ile inatumika kushambulia simu za watu. Pixel 2, simu ya Google wenyewe, ilikuwa wazi. Samsung S7, S8 na S9 pia. Mwaka mmoja na nusu, jamani, na kazi ilishafanywa!

Kiraka kile hakikuwa na namba ya CVE, ile ya kutambulisha dosari za usalama, wala hakikutajwa katika taarifa za usalama za Android za kila mwezi. Namba, CVE-2019-2215, ilikuja baada ya madhara. Aliyekuwa akichagua viraka kwa kutazama namba alikipita.

Najua kuna anayesema moyoni: “Mwalimu, sisi tunachukua vya usalama tu, toleo zima litatuvunjia mambo.” Nani alikuambia kipi ni cha usalama? Tangu Februari 2024 wanaotunza kerneli ya Linux wanatoa namba hizo wenyewe, tena nyingi mno, na bado naona watu wanakaa kuzichambua mojamoja. Chukua toleo jipya zima la mfululizo wa kerneli unaoutumia. Lijaribu kwenye mashine moja kwanza, na kerneli ya zamani ibaki kwenye menyu ya kuwashia.

Na nyinyi wa seva, acheni kujisifia mashine iliyokaa miaka mitatu bila kuzimwa. Andika amri ya uname -r, utazame ni kerneli ipi inayofanya kazi. Umeweka kerneli mpya lakini hujawasha mashine upya? Inayofanya kazi ni ile ya zamani, hata kama orodha ya vifurushi inasema kila kitu ni kipya. Mtaniambia malipo yatasimama. Wekeni seva mbili, moja ibebe kazi wakati nyenzake inawashwa.

Dirty COW, dosari nyingine iliyokaa ndani ya kerneli ya Linux tangu 2007 hadi 2016, nairuka, mwenyekiti ananionyesha saa. La simu siliachi: mnaponunulia wafanyakazi simu, ulizeni masasisho ya usalama yataletwa mpaka mwaka gani, na jibu liandikwe kwenye mkataba. Muuzaji akibabaika, nendeni kwa mwingine. M-Pesa za watu zimo humo.

Haya, maswali.