Godoro Lake Liko Wapi?

Mhadhara uliotolewa mbele ya wazazi, wazee wa mtaa na viongozi wa dini, Kisauni, Mombasa

Assalamu aleikum, na kwa wenzangu Wakristo, Bwana asifiwe. Wazee wangu, mama zangu, bwana chifu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, ahsanteni kwa kuja.

Nilipoalikwa nilipewa kichwa kirefu cha kuwarudisha vijana katika jamii baada ya kutoka kizuizini. Naomba tukifupishe. Swali langu ni moja tu, na wanaonijua wameshalisikia kwa machifu, kwa maofisa wa watoto, hata msibani: godoro lake liko wapi?

Sitawaeleza kwa kirefu Borstal, hilo gereza la vijana, ni nini wala shule ya kurekebisha tabia ni nini. Wengi humu mmeshapanda matatu na kikapu mapajani kwenda Shimo la Tewa kumtazama mtoto. Nianze na kijana mmoja.

Alishikwa ana miaka 15. Walikuwa wanne, panga lilikuwa moja, na simu waliyompora mwenye tuktuk ilikuwa na kioo kilichopasuka. Akakaa rimandi, kesi ikaahirishwa na kuahirishwa, mwisho akapelekwa taasisi moja mbali na hapa. Huko alijifunza useremala, akafanya mtihani wa ufundi, akapata cheti cha Gredi ya 3. Walimu wake walifanya kazi yao, hilo nitalisema mbele ya yeyote. Siku ya kutoka akapewa nauli na barua ya chifu, akaambiwa nenda nyumbani.

Akafika hapa jioni, watu wanatoka kuswali Magharibi. Mama yake hakuwa na habari, maana namba iliyoandikwa kwenye faili ni ya laini aliyoipoteza zamani. Yuko kibarazani na viazi karai vyake, mafuta yanachemka, anainua macho anaona mwanamume mrefu kasimama na kibegi mkononi. Mama huyo aliniambia kwa kinywa chake: "Nilimuuliza, nikupe vya shilingi ngapi?" Alimwacha mfupi kuliko yeye. Hakumjua mwanawe.

Alipomjua akalia, akamkumbatia, viazi vikaungua karaini. Lakini jirani, mama mwema tu, asiyepita mtu bila salamu, akamwita bintiye: anua nguo. Mawingu hayakuwapo. Nguo zilikuwa bado mbichi. Kijana akasimama palepale akitazama kamba ikibaki tupu, kanga moja baada ya nyingine. Aliniambia baadaye, "Mama, nilikuwa nahesabu vibanio."

Akaingia ndani. Godoro lake wanalalia watoto wawili wa mamake mdogo, waliokuja kusoma mjini. Sikulaumu, nyumba zetu tunazijua, vyumba viwili na watu wanane. Babake wa kambo akamwambia, "We lala hapo sebuleni kwa sasa." Akalala mkekani karibu na mlango, viatu vya nyumba nzima viko kichwani kwake, na kila aendaye msalani usiku anamruka. Hiyo "kwa sasa" haikupewa tarehe.

Siku ya tatu ukapotea mtungi wa gesi nyumba ya tatu kutoka kwao. Wakaja kwake moja kwa moja. Wakapekua kibegi mbele ya mamake. Kumbe mtungi ulichukuliwa na shemeji wa mwenye nyumba, akaurudisha kesho yake. Hakuna aliyekwenda kumwomba yule kijana radhi. Hata mmoja.

Siku ya tisa akaenda maskani, pale vijana wanapokaa. Na hapa nataka mnisikize vizuri, wazee wangu. Kule hakuulizwa kitu. Walisogea akapata pa kukaa. Mmoja akampa shati. Mwingine akamwambia, sisi tuna chumba, tunachangia kodi, njoo ulale. Vijana tunaowalaani kila Ijumaa walimaliza usiku mmoja kazi ambayo sisi tulikuwa na miaka mitatu ya kuifanya na hatukuianza. Haikupita miezi mitano akarudi ndani, mara hii na watu wazima, kwa sababu 18 ilishapita.

Namwona mzee pale anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema, mzee wangu, kwa sababu kila mkutano naambiwa: mama, wewe unawatetea wezi. Na yule aliyekatwa panga, nani amuulize godoro lake liko wapi?

Haki yako kabisa. Yule mwenye tuktuk namjua, ana kovu mkononi mpaka leo, na kidole kimoja hakikunjiki. Nimekaa naye. Sikumwambia asamehe, mimi si mwenye jeraha. Lakini alichoniambia ni kwamba katika miaka ile yote hakuna mtu aliyemwendea, wala wa serikali wala wa mtaani. Alimwona kijana akipita njiani kama vile hapakutokea kitu, akajiona yeye ndiye aliyesahauliwa. Kwa hivyo tukimwacha kijana ashuke tu kwenye matatu bila maandalizi tunawadhulumu wote wawili.

Kuna wa pili. Huyu aliiba dukani, usiku, kwa kuvunja. Safari hii ofisa wa probesheni alinipigia simu miezi minne kabla hajatoka, nikaenda kwao mara tatu. Mara ya kwanza mamake hakufungua mlango. Amechoka kuambiwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hiyo methali ametupiwa mpaka sokoni, na nawaomba mumwachie. Mara ya pili nikaenda na imamu. Mara ya tatu tukaenda pamoja kwa mwenye duka. Tukanywa kahawa vikombe viwili bila kusema lolote la maana. Mwisho mwenye duka akasema: "Dukani kwangu asiingie. Lakini akipita njiani sitamgusa, na wanangu hawatamgusa." Basi. Hakukumbatiana mtu. Lakini kijana alipotoka alijua njia ipi apite na mlango upi asiukaribie, na mtaa mzima ulijua kwamba mwenye duka ameshasema neno lake. Neno la mwenye kudhulumiwa lina uzito kuliko barua ya chifu, bwana chifu uniwie radhi. Kijana huyo leo anachomelea mageti, mwaka wa tatu sasa. Godoro alinunuliwa na mjomba wake wiki moja kabla hajafika, lilikuwa bado na nailoni yake.

Mtaniambia hiyo ni kazi ya serikali. Sehemu yake ndiyo. Katiba yetu, ibara ya 53, inasema mtoto asizuiliwe ila njia nyingine zote zikishindikana, na kwa muda mfupi inavyowezekana. Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri wa kushtakiwa kutoka miaka 8 hadi 12, na imefungua mlango wa mtoto kutolewa kwenye mkondo wa mahakama kabla mambo hayajawa makubwa. Mahakama ya watoto haitakiwi hata kulitumia neno "hukumu" kwa mtoto. Sheria imeona haya kumtia alama. Sisi mtaani tunamwita mfungwa mbele ya wadogo zake. Hilo serikali italifuta vipi?

Na msidhani hili la kuandaa marejeo ni jambo jipya la semina. Wakati wa Hali ya Hatari, enzi za Mau Mau, mwaka 1955, wavulana waliokuwa wamezuiliwa kambi ya Manyani pamoja na watu wazima walihamishiwa Wamumu, kule Kirinyaga, chini ya ofisa wa kikoloni, Geoffrey Griffin. Simsifu mkoloni kwa kuwafunga watoto, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba baada ya Griffin kuondoka huko, mwaka 1959 yeye pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walianzisha shule ya Starehe pale Nairobi kwa mabanda mawili ya bati, kwa watoto waliokuwa hawana pa kulala. Walianza na pa kulala. Masomo yakafuata.

Wamumu ipo mpaka leo, ni shule ya kurekebisha tabia. Mvulana wa Likoni anaweza kupelekwa kwanza Getathuru, Nairobi, kupimwa na kupangiwa, kisha akajikuta Kirinyaga. Mamake muuza viazi ataifikaje Kirinyaga? Ndiyo maana tunapokea watoto tusiowajua sura.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Nilikuwa na mengine, niyapitie mbio. Kitambulisho: kijana aliyetimiza 18 akiwa ndani anatoka hana, na bila kitambulisho hana laini ya simu, hana kibarua cha bandarini, na akikutana na polisi usiku hana la kuonyesha. Cheti cha kuzaliwa kitafutwe kabla hajatoka. Zana: cheti cha Gredi ya 3 bila randa na msumeno hakipigi msumari hata mmoja, mafundi mlioko hapa, mchukueni mmoja mmoja. Cheti cha mwenendo mwema cha polisi kinahitaji mazungumzo marefu, nayaacha. Na wasichana wanaotoka taasisi zao za Kirigiti, Dagoretti na Kamae sikuwagusa kabisa, na si kwa sababu wao ni wepesi. Msichana akirudi, swali la kwanza mtaani si alijifunza nini, mnalijua swali lenyewe. Nipeni siku nyingine kwa ajili yao.

La mwisho. Alhamisi ya wiki ijayo kuna kijana anarudi mtaa huu. Jina lake silitaji, na nyinyi mnaolijua msilitaje. Mamake amepanga vitu vyake, lakini chumba anachotakiwa kulala kimejaa magunia ya mkaa ya mpangaji. Nahitaji watu wanne wenye nguvu wa kuyahamisha Jumapili asubuhi, mtu mmoja mwenye kitanda cha futi tatu na nusu asichokitumia, na mtu mmoja wa kwenda kumpokea stendi ili asiingie mtaani peke yake usiku. Nyinyi mliokaa safu ya mbele, ambao nguo zenu zinaning'inia kwenye uwanja mmoja na wa mama huyo, naomba tukitoka mnisubiri pale mlangoni, nina neno na nyinyi.