Mto Mole: Pale Maji Yanapozama Ardhini

Ndugu wasikilizaji, mto Mole wa kusini mwa Uingereza si mrefu. Ni kama kilomita 80, kuanzia karibu na Rusper, West Sussex, hadi unapoingia Thames mkabala na kasri la Hampton Court. Ukitaka kuuelewa, tazama kwanza ardhi unayopita.

Huko juu ni mfinyanzi, udongo usiopitisha maji kwa urahisi. Mvua ikinyesha, sehemu kubwa hutiririka juu kwa juu na mto hufura upesi. Uwanja wa ndege wa Gatwick umejengwa hapo hapo, na mto unapita ndani ya kalavati chini ya njia ya ndege. Mkesha wa Krismasi 2013 mafuriko yaliharibu mitambo ya umeme ya jengo la kaskazini.

Ukishapita mji wa Dorking, mto unakata vilima vya North Downs, na vilima hivyo ni vya chaki, mwamba mweupe laini wa chokaa. Umeila miguu ya Box Hill, kilima cha mita 224, hadi ukaacha genge jeupe. Chaki ina nyufa. Maji ya mvua yaliyobeba kaboni dioksidi, hasa ile ya udongoni, huwa asidi hafifu. Huyeyusha kuta za ufa taratibu, mpaka ufa ukawa tundu. Matundu hayo yamo kitandani na kingoni mwa mto. Katika ukame mkali, kama wa 1976, hunywa mto wote, na kabla ya mji wa Leatherhead kitanda hukauka. Samaki hubaki kwenye vidimbwi, oksijeni ikipungua kila joto linapozidi. Karibu na Leatherhead maji huibuka tena kama chemchemi.

Hapa naomba tuwe makini sana. Wengi huamini chaki huchuja maji. Huchuja yanapopenya polepole kwenye vinyweleo vyake. Yakiingia tunduni hayachujwi. Uchafu uliotupwa mtoni kabla haujafika Dorking unaweza kufika kwenye maji ya ardhini ukiwa vile vile.

Wala tusitegemee matundu hayo kutuokoa na mafuriko. Uwezo wake una kikomo, na tope na majani huyaziba. Septemba 1968 maji yaliwazidi wakazi wa Molesey, karibu na mwisho wa mto, ambako mto hugawanyika na kuzaa mkono uitwao Ember. Baadaye Ember ulipanuliwa ili ubebe maji ya mafuriko.