Ratiba ya Banda la Skuli: Maandalizi ya Mtihani wa Cheti cha Programu ya Usimamizi wa Miradi

Assalaam alaykum, ndugu watazamaji. Leo nitakuonesheni namna ya kujiandaa kwa mtihani wa cheti cha programu ya kusimamia miradi. Nitatumia Microsoft Project, kwa kuwa ndiyo ninayofanyia kazi zangu za ujenzi hapa Wete.

Kabla ya kufungua kompyuta, tafuteni muhtasari wa mada kutoka kwa taasisi inayotunga mtihani wenu na hakikisheni unahusu toleo gani la programu. Mtihani wa Microsoft wa toleo la 2013, uliokuwa na namba 74-343, umeshafutwa, kwa hiyo anayekariri maswali yake ya zamani anajiandalia mtihani ambao haupo tena.

Sasa fungueni faili jipya. Tutapanga ujenzi wa banda la madarasa, na ratiba hii moja itatutosha kwa mazoezi yote. Tazameni chini kabisa ya dirisha: programu huanza kwa kuziweka kazi mpya katika hali ya kupangwa kwa mkono, nasi tunataka izipange yenyewe. Badilisheni hapo kabla ya kuandika kazi hata moja.

Hatua inayofuata ni kalenda, na hapa naomba tusiende mbio. Kalenda ya kawaida ya programu ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana, kisha saa 7 mchana hadi saa 11 jioni. Tuseme mafundi wetu Ijumaa wanaondoka saa 6 kwenda msikitini na hawarudi kazini. Dirisha la kubadilisha saa za kazi lina vichupo viwili: kimoja ni cha siku za pekee, kama tarehe 12 Januari, Sikukuu ya Mapinduzi, na kingine ni cha utaratibu wa wiki. Ijumaa yetu inaingia katika kichupo cha utaratibu wa wiki, kwa sababu inajirudia. Sikukuu za Idi ziingizeni kama siku za pekee, na mziangalie tena mwezi unapokaribia kuandama. Kisha jaribuni jambo hili: andikeni kazi ya siku 1 inayoanza Ijumaa asubuhi. Itamalizika Jumatatu saa 6 mchana, kwa kuwa kwa programu siku 1 ni saa 8 za kazi, na Ijumaa imetoa saa 4 tu. Aliyeelewa sababu ya jibu hilo hatatishika na swali lolote la kalenda.

Ukishamaliza jaribio hilo, rudisheni Ijumaa kamili, ili hesabu zinazofuata ziwe nyepesi.

Tunafika kwenye moyo wa mtihani, nao ni uhusiano huu: saa za kazi ni muda mara kiwango cha mtu, yaani asilimia ya siku yake anayoitoa kwa kazi hiyo. Chukueni karatasi. Kupiga lipu kuna saa 80 za kazi, na fundi mmoja kwa asilimia 100 atamaliza kwa siku 10. Ongezeni fundi wa pili, lakini msibonyeze kitu kabla hamjaandika jibu lenu. Ikiwa kazi ni ya kiwango thabiti (Fixed Units) na mmeiruhusu juhudi igawanywe (Effort driven), yaani mafundi wagawane saa zile zile 80, muda utashuka hadi siku 5. Ikiwa ni ya muda thabiti (Fixed Duration), na juhudi bado inagawanywa, siku zitabaki 10 na kila fundi atapewa asilimia 50. Lakini mkiacha kiwango thabiti bila kuruhusu mgawanyo, ambavyo ndivyo programu inavyokuja tangu toleo la 2010, siku zitabaki 10 na saa za kazi zitapanda hadi 160. Mimi mwenyewe nilipoanza niliwahi kupeleka makadirio ya malipo yaliyozidi mara mbili kwa sababu hii hii, na ndiyo maana nasisitiza karatasi itangulie kitufe. Aina ya tatu, ya kazi thabiti (Fixed Work), yaani saa za kazi ndizo zisizobadilika, haina taabu, kwani humo juhudi hugawanywa siku zote.

Sasa unganisheni kazi. Msingi siku 10, kisha kuta siku 15, kisha kuezeka siku 8. Pembeni yake wekeni kuagiza bati kutoka Unguja, siku 20, kazi inayoanza pamoja na msingi na inayopaswa kumalizika kabla ya kuezeka. Njia ya kuta ina jumla ya siku 33, na ya bati ina siku 28, kwa hiyo njia ya kuta ndiyo inayoamua mwisho wa mradi, nayo bati ina nafasi ya siku 5. Meli ikichelewa siku 4 kufika bandari ya Mkoani, tarehe ya kumaliza haisogei. Ikichelewa siku 7, mradi unaisha siku ya 35, na njia inayoamua sasa ni ya bati. Mkitaka zege la msingi lipumzike wiki moja, tumieni siku mfululizo (elapsed days) badala ya siku za kazi, kwani zege hukauka Jumamosi na Jumapili vilevile.

Hifadhini mpango wa awali (Baseline), yaani nakala ya ratiba kama ilivyopangwa mwanzo, kabla ya kuingiza maendeleo yoyote, maana bila huo hakuna cha kulinganisha. Programu inaruhusu mipango ya awali hadi 11 katika faili moja.

Mwisho, fungueni faili jipya tupu, wekeni saa ya simu ilie baada ya dakika 40, na mjenge ratiba yote tangu kalenda hadi ucheleweshaji wa meli bila kurudi kwenye video hii. Mkifika siku ya 35 kabla ya saa kulia, anzeni maswali ya majaribio ya taasisi yenu.