Swichi ya Kuwashia Gari: Mhadhara kwa Madereva na Mafundi wa Kigoma

Ndugu madereva, mafundi na wenye magari, asanteni kwa kuja.

Tuanzie pale Mwanga. Gari linateremka kuelekea stesheni, limejaa abiria. Tairi la mbele linaingia shimoni, gari linaruka, injini inanyamaza. Redio inaendelea kuimba. Hapo hapo, kabla ya kulaumu pampu ya mafuta, tazama dashibodi. Injini ikizima ufunguo ukiwa kwenye ON, hatua ya kuendesha, taa nyekundu ya betri na ya oili huwaka. Kama redio inaimba lakini dashibodi ni giza tupu, basi ufunguo umerudi ACC, hatua ya redio na vitu vidogo tu, au swichi imeacha kupeleka umeme wa ON. Kosa liko mkononi mwako, nyuma ya ufunguo.

Mnazijua hatua zake nne: LOCK, ACC, ON na START. Ila vitu viwili hukaa pamoja na watu huvichanganya. Kuna kitasa, yaani silinda inayopokea ufunguo na kufunga usukani. Na nyuma yake kuna swichi yenyewe ya umeme, kopo dogo la plastiki lenye sahani za shaba ndani, ambalo kwenye magari mengi tunayoendesha hushikwa na skrubu mbili ndogo. Kila unapozungusha ufunguo, kipini kinachosukumwa na springi kinaingia kwenye kishimo chake. Ndiyo ile "ta" unayoisikia vidoleni. Springi ile ndiyo inayouzuia ufunguo usirudi wenyewe.

Hapa ndipo General Motors ya Marekani ilipoanguka. Kwenye Chevrolet Cobalt, Saturn Ion na ndugu zao, springi na kipini vilikuwa dhaifu. Kipimo cha kampuni yenyewe kilitaka swichi ishike kwa nyutoni-sentimita 20, ikipungua au kuzidi kwa 5. Kwa lugha ya gereji, chukua kijiti chenye urefu wa sentimita 10, kilaze kikitokea katikati ya kitasa, ning'iniza gramu 200 kwenye ncha: huo ndio msukumo ambao swichi ilipaswa kuuhimili. Swichi zile zilishindwa kufikia hata kiwango cha chini, na ziliidhinishwa hivyo hivyo. Mwaka 2006 kipini na springi vikabadilishwa kimya kimya, vikawa imara zaidi, lakini namba ya kifaa ikaachwa ile ile. Kwa hiyo aliyechunguza ajali aliona magari ya miaka ya nyuma yana tatizo na ya baadaye hayana, na kwenye karatasi swichi ni moja. Magari yapatayo milioni 2.6 yaliitwa kurekebishwa mwaka 2014. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124.

Kinachoniuma zaidi ni sababu ya kuchelewa. Kwa miaka mingi ndani ya kampuni ile, gari kuzima likiwa mwendoni liliandikwa kama usumbufu kwa mteja, halikuwekwa kwenye fungu la usalama. Na sisi hapa tunasema vivyo hivyo: "gari lina tabia, litingishe ufunguo kidogo litawaka." Dereva anaishi na tabia hiyo mwaka mzima, na kila siku anapakia watu wa Kasulu na Manyovu, kwenye vilima vile.

Sasa tuone injini ikizima mwendoni nini kinaondoka. Pawa stelingi inaondoka, usukani unakuwa mzito ghafla. Busta ya breki, ile inayokusaidia kukanyaga, inabaki na akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Na jambo ambalo halionekani: kompyuta ya eabegi, ile mifuko ya hewa ya kukinga abiria, hupata umeme kwenye ON. Ufunguo ukishuka ACC, mfumo ule unajizima, na gari likigonga mti sekunde chache baadaye, eabegi hazifunguki. Kule Marekani ndivyo watu walivyokufa ndani ya magari yenye eabegi nzima.

Kwa hiyo likikutokea: shika usukani kwa mikono miwili na uukaze. Kanyaga breki mara moja kwa nguvu na uishikilie; ukiipampu unamaliza akiba. Usichomoe ufunguo, wala usiurudishe LOCK, maana usukani utajifunga. Washa hazadi, zenyewe hazitegemei ufunguo. Mwenye gari la manyuo asikanyage klachi mapema. Gari likiwa ndani ya gia, matairi yanaizungusha injini hata ikiwa imezima, kwa hiyo busta na pampu ya usukani vinaendelea kufanya kazi, na ukirudisha ufunguo ON mara nyingi injini inashika yenyewe. Mwenye otomatiki hana msaada huo: apeleke N, yaani fri, kisha START. Kwenye D stata haizunguki.

Kwa nini swichi zinaharibika huku kwetu? Sababu ya kwanza naiona ikining'inia mifukoni mwenu. Ufunguo wa gari, wa nyumba, wa duka, kufuli mbili, kifungua soda. Chukua gramu 250 zinazovuta sentimita 3 pembeni: ni kama nyutoni-sentimita 7.5 gari likiwa limesimama. Kwenye shimo nguvu ile huzidi mara mbili, hata tatu, na tayari uko kwenye kipimo cha springi mpya, sembuse springi ya gari lililotembea Japani miaka 12 kabla ya kufika Kigoma. Ufunguo wa gari ukae peke yake. Gharama yake ni sifuri.

Sababu ya pili ni umeme wa kuiba. Fundi anafunga taa mbili za ziada za wati 55 na kuchukua umeme kwenye waya wa swichi kwa kuwa ni karibu. Wati 110 kwa volti 12 ni ampea 9 na ushee, zinapita kwenye sahani zile ndogo kila usiku. Sahani zinachomeka, zinaweka masizi, ukinzani wa umeme unapanda, joto linapanda, plastiki inalainika. Halafu unaongeza muziki. Taa hizo zichukue umeme betrini moja kwa moja, kupitia fyuzi ya ampea 15 iliyowekwa karibu na betri, relei ya ampea 30, na waya wa milimita za mraba 2.5. Relei ni swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa, kwa hiyo swichi ya ufunguo iamshe relei tu. Na kumbukeni waya mmoja wa swichi una umeme muda wote hata gari likiwa limelala. Mwaka 1996 Ford iliita zaidi ya magari milioni 7 kwa sababu swichi zilikuwa zikipiga shoti na kuwasha moto.

Kupima si kazi kubwa. Gari limesimama, liko P au fri, hendibreki juu, injini inaunguruma. Tingisha ufunguo taratibu bila kuuzungusha. Taa za dashibodi zikipepesa au injini ikistuka, swichi imekwisha. Ufunguo ukichomoka injini ikiwa inaunguruma, kitasa ndicho kilicholika. Kisha mita: weka kwenye volti za DC, ncha moja kwenye waya unaoingia, nyingine kwenye waya unaotoka, ufunguo ON na feni ya ndani ikiwa kasi ya mwisho. Hapo unasoma volti zinazopotelea ndani ya swichi. Ikisoma chini ya volti 0.2, sawa. Ikikaribia 0.5, usimruhusu mwenye gari aondoke nalo.

Kubadilisha: ondoa teminali hasi ya betri, subiri sekunde 90 eabegi zipoteze akiba yake, fungua skrubu za chini za kava la usukani, chomoa soketi, kagua kama ina pini iliyogeuka kahawia. Soketi iliyoungua ikiunganishwa na swichi mpya itaiua nayo, kwa hiyo badilisha vyote viwili. Ukibadilisha swichi ya umeme peke yake, ufunguo wenye chipu haubadiliki. Usipulize mafuta ya kulainishia ndani ya swichi. Yanakusanya vumbi juu ya shaba.

Uani kuna Probox na Noah, kava zimeshafunguliwa. Wenye mita mje nazo, tuanze na waya wa ON.